Tulifuata Tiketi za Bure, Tukarudi na Deni la Miaka 10

Anti,

Hujambo, na pole na majukumu. Safu yako naisoma muda mrefu ila sijawahi kukuandikia. Leo nimesubiri baba watoto alale ndiyo nikashika simu, maana jambo lenyewe tumeshagombana nalo tangu Jumapili.

Sisi kwetu Tanga, tunaishi Atlanta. Mimi nahudumia wazee, mwenzangu anaendesha lori. Mwaka huu tukasema watoto nao waione Orlando, kule Florida, kila siku wanasimuliwa tu na wenzao shuleni. Tulifika Ijumaa jioni. Pale hotelini, pembeni kabisa ya mapokezi, palikuwa na meza yenye bango kubwa na kijana aliyevaa kama mfanyakazi wa hoteli. Akatuita, akampa binti yangu kadi ya kukwangua. Mtoto kakwangua, kijana akapiga makofi: tumeshinda tiketi 4 za kuingia kwenye bustani ya michezo, na kadi ya dola 100 ya kununulia chakula! Watoto wakaruka. Sharti moja tu, kesho asubuhi mimi na mume wangu twende tukanywe chai na kusikiliza maelezo ya dakika 90 kuhusu nyumba za likizo. Alirudia mara kadhaa kwamba hatulazimiki kununua kitu.

Jumamosi saa tatu asubuhi tukawa hapo. Chai ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Watoto walipelekwa chumba cha michezo, sisi tukapewa mama mmoja wa makamo, mcheshi, akatusalimia "jambo" na kutuambia aliwahi kufika Serengeti. Akauliza habari za watoto, wazazi, kazi, tunapumzika lini. Dakika 90 zikaisha bado tunatembezwa vyumbani. Kila tukitaka kuaga anakuja mwingine, mkubwa kuliko aliyetangulia, na bei mpya. Ilianza dola 38,000, ikashuka 29,000. Mwisho meneja akaikata ile ya kwanza kwa kalamu nyekundu, akaandika 19,400, akasema hiyo ni ya leo, tukitoka mlangoni haipo tena. Tulitoka saa nane mchana, tumeshasaini.

Kianzio tulilipa dola 1,940 kwa kadi ya mkopo waliyotufungulia palepale. Zilizobaki ni dola 313 kila mwezi kwa miaka 10, riba asilimia 17.9. Juu yake kuna ada ya matunzo dola 1,180 kila mwaka. Tulichonunua kinaitwa taimushea. Nyumba hasa hatuna, tuna pointi za kukaa wiki moja kwa mwaka kwenye majengo yao. Walisema thamani yake inapanda, na siku tukichoka tutauza kwa faida.

Tuliporudi nikapiga hesabu, usingizi ukakata. Nataka tughairi. Mwenzangu hataki. Anasema tumekula vya watu, tumechukua tiketi zao, watoto wamefurahi, halafu tuwageuke? Tena maombi yake ya uraia hayajajibiwa, anaogopa kuvunja mkataba kutamchafulia jina. Na kweli tulisaini karatasi inayosema tumeelezwa kila kitu na tumeridhika. Jana nilimpigia yule mama. Alinijibu kwa upole kabisa, akaniambia nisiwe na wasiwasi, wiki ijayo mtu wa huduma kwa wateja atanipigia anielekeze namna ya kutumia pointi, na hapo ndipo nitaona raha yake.

Rafiki yangu kazini anasema Marekani mtu una siku tatu za kubadili mawazo, na zetu zimeshapita. Anti, ndiyo tumekwisha? Na kama njia ipo, tiketi tutazirudishaje na watoto wameshaingilia?

Mama Wawili,
Atlanta

*

Mdogo wangu,

Barua yako iliingia Alhamisi usiku na nilikujibu usiku uleule kwa barua pepe, kwa sababu shauri lako halikuwa la kusubiri zamu ya gazeti. Ninachochapisha hapa ni jibu lilelile. Nimelinyoosha kidogo na kuongeza mambo kwa ajili ya wengine walioniandikia juu ya zawadi za namna hii, maana nyinyi si wa kwanza wala wa pili.

Hamjakwisha. Mkataba mliusaini Florida kwa majengo yaliyo Florida, na jimbo hilo lina sheria yake ya taimushea, Sura ya 721. Inampa mnunuzi siku 10 za kalenda kughairi, bila kutoa sababu na bila faini. Hesabu inaanza baada ya siku mliyosaini, au baada ya siku mliyopokea karatasi ya mwisho kati ya zile wanazowajibika kuwapa, yoyote itakayokuwa ya baadaye. Sisi tushike ile ya mapema, tusibahatishe. Jumapili ni siku ya kwanza, Jumanne ijayo ni ya kumi, na mlango unafungwa saa sita usiku wa Jumanne hiyo. Leo Alhamisi mko siku ya tano. Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa, kwa hiyo usiseme wikiendi itapita kwanza.

Rafiki yako hakukudanganya, amechanganya mambo. Siku tatu zipo. Ni kanuni ya FTC, tume ya serikali ya shirikisho inayolinda wateja, na ni siku za kazi, kwa mauzo yaliyofanyika nyumbani kwa mnunuzi au mahali pa muda kama ukumbi wa kukodi. Haigusi mali isiyohamishika. Kwenye taimushea kila jimbo lina hesabu yake: Nevada, kule Las Vegas, ni siku 5; Virginia 7; Florida 10. Nimeshapata barua za watu waliosikia hiyo habari ya siku tatu, wakaona zimepita, wakakata tamaa na kuanza kulipa wakati haki yao ilikuwa bado hai. Hilo huniuma kuliko ujanja wa wauzaji wenyewe.

Sasa fanya hivi kesho Ijumaa, kabla ya kazi ukiweza. Toa lile begi la makaratasi. Tafuta ukurasa wenye sahihi zenu. Juu kidogo ya mahali mlipotia sahihi, sheria inamlazimisha muuzaji aweke kwa herufi za kuonekana wazi maelezo ya haki yenu ya kughairi, pamoja na jina na anwani ya kupeleka taarifa. Peleka kwenye anwani hiyo hasa. Usiipeleke hotelini, wala kwa yule mama, wala kwenye baruapepe iliyoandikwa nyuma ya kadi yake ya biashara.

Barua iwe fupi. Kwa Kiingereza cha kawaida andika kwamba ninyi, majina yenu kamili kama yalivyo kwenye mkataba, mnaghairi mkataba namba fulani mliousaini tarehe fulani, na mnataka mrudishiwe fedha zote mlizolipa. Weka tarehe ya siku unayoiandika, anwani yenu, namba ya simu. Wote mliosaini mkataba msaini na barua. Usieleze kwa nini. Ukishaanza kueleza habari za mshahara na watoto, umempa mtu nafasi ya kukujibu kwa bei nyingine. Piga picha barua, kisha nenda nayo posta uitume kwa rejista yenye risiti ya kurudi, na ile risiti yenye muhuri wa tarehe uitunze unapoweka pasipoti. Taarifa ya kughairi inahesabika kutolewa siku ilipotumwa. Ikigongwa muhuri Ijumaa halafu ikawafikia Alhamisi ya wiki nyingine, bado mko ndani ya muda.

Simu yako ya Jumatano haihesabiki, maana sheria inataka maandishi. Ila iangalie tena ile kauli kwamba utapigiwa "wiki ijayo". Sitamhukumu mtu nisiyemjua, huenda ndivyo ratiba yao ilivyo. Lakini simu hiyo ikija Jumatano, siku zako 10 zitakuwa zimezikwa jana yake. Kwa hiyo usimpigie tena, na akikupigia kabla barua haijatoka, mwambie uko kazini. Kweli si uko kazini? Kuna wengi waliopiga simu kughairi wakajikuta wamepangiwa kikao kingine, wakaenda, wakapewa zawadi nyingine, wakatoka na mkataba mkubwa zaidi. Pia msiguse hizo pointi. Sheria inaruhusu kukata kwenye marejesho yenu sehemu ya faida mliyokwisha kuitumia, basi isiwepo ya kukatwa.

Ile karatasi ya kuridhika isiwatishe. Mnaweza kuwa mmesaini kwamba mmeelewa, mmefurahi, hata kwamba mmesamehe haki ya kughairi. Msamaha wa namna hiyo Florida hauna nguvu, na hilo lenyewe linatakiwa liwe limeandikwa kwenye yale maelezo ya juu ya sahihi. Wala hawaruhusiwi kukabidhi hati ya umiliki kabla siku 10 hazijaisha. Kwa hiyo hata kama mlisaini rundo zima siku ile, biashara yenu bado haijafungwa.

Uraia. Fomu ya maombi inauliza kodi, makosa ya jinai, safari za nje, matunzo ya watoto na mambo ya jinsi hiyo. Haiulizi mtu alighairi kununua nini. Na kughairi ndani ya siku zilizoandikwa kwenye mkataba wenyewe si kuuvunja, ni kuutumia. Kitakachoweza kumchafulia shemeji jina kwenye mambo ya mikopo ni kushindwa kulipa dola 313 mwaka wa tatu lori likiharibika.

Nije sasa kwa shemeji mwenyewe, na hapa naomba umpe simu asome.

Shemeji, nakuelewa. Umelelewa kwamba mtu akikukaribisha, akakulisha, akawafurahisha wanao, hutoki hapo ukamsema. Hiyo ni tabia njema na usiiache. Ila wenyeji wako wa Jumamosi wanaijua tabia hiyo kuliko unavyodhani, kwa watu wa kila kabila, na wameiwekea bajeti. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Hawa walikuja na mkono uliojaa kwa hesabu. Kijana wa pale mezani kwa kawaida hulipwa kwa kila familia anayoipeleka. Tiketi zenu zimelipiwa kutoka kwenye fungu la matangazo, na fungu hilo linajazwa na familia zinazosaini. Hata ile kadi ya kukwangua, nisamehe kumvunja mtoto moyo, sijasikia familia iliyokwangua pale mezani ikakosa.

Sheria ya Florida nayo hailiiti jambo hili ukarimu. Ina kifungu kizima cha zawadi zinazotolewa kuvutia watu kwenye taimushea, na inataka karatasi za matangazo hayo ziseme waziwazi kwamba zinatumika kutafuta wateja wa taimushea. Ichukueni ile karatasi ya mezani mwangalie maandishi ya chini. Kama maneno hayo yapo, walishawaambia wenyewe kwamba ile chai ni biashara. Kama hayapo, mna la kuongeza kwenye malalamiko.

Na tuseme zawadi ni deni. Haya, mlidaiwa nini? Dakika 90 za kukaa na kusikiliza. Mmelipa saa tano, kutoka saa tatu asubuhi hadi saa nane, siku ya mapumziko, na watoto wamefungiwa kwenye chumba cha michezo wakati bustani waliyoifuata iko barabara ya pili. Nani anamdai mwenzake? Sharti la tiketi lilikuwa kuhudhuria, na kijana mwenyewe aliwaambia hamlazimiki kununua. Someni karatasi ya masharti ya zawadi mliyopewa. Ikisema hivyohivyo, hakuna cha kurudisha. Watoto wameshaingia, wameshacheza, yameisha.

Sasa hesabu, kwa sababu naona kwenye barua mkeo kaipiga lakini hakuiandika yote. Dola 313 kwa miezi 120 ni 37,560. Ongeza kianzio 1,940, mnafika 39,500. Ile bei ya kwanza iliyokatwa kwa kalamu nyekundu ilikuwa 38,000! Mlishangilia kupunguziwa nusu, riba ikairudisha yote na chenji juu. Halafu ada ya matunzo, hata tukijidanganya kwamba haitapanda kwa miaka 10, ni 11,800. Jumla dola 51,300, mkope ili mlale kitanda cha wiki moja kwa mwaka. Na ada hiyo haiishi mkopo ukiisha.

Kuhusu kuuza kwa faida, sheria hiyohiyo inakataza matangazo ya taimushea kutabiri kwamba bei itapanda kwa kiasi fulani au mara moja. Ingieni mtandaoni mtafute taimushea za mkono wa pili mwone. Kuna watu wanazinadi kwa dola moja, mwingine anajitolea kumlipia mnunuzi gharama za kuhamisha jina, ili tu atue mzigo wa ada. Kama mama yule aliwaambia kinyume chake, andikeni maneno yake sasa hivi wakati bado mnayakumbuka, na tarehe.

Inatosha kwa shemeji. Mrudishie mkeo simu.

Barua nyingine nilizonazo zinahusu zawadi zinazokuja kwa simu au kwa posta, na hizo zina sheria zake. Mzee mmoja wa Houston alipigiwa akaambiwa ameshinda, ila atume kwanza fedha za kodi ya zawadi. Mzee wangu, kodi ya kitu ulichoshinda unaitangaza mwenyewe kwenye marejesho yako ya kodi na kuilipa serikalini. Haikusanywi na mtu wa kwenye simu, tena kwa kadi za zawadi za dukani. Huo ni wizi mtupu, sina haja ya kukutafutia kifungu.

Ila kuna kampuni halali zinazouza vitu vya kweli na kuambatanisha zawadi za kweli, na huko ndiko mstari unakuwa mwembamba. Marekani, ukimtaka mtu alipe ili aingie kwenye mchezo wa bahati wenye zawadi, umeendesha bahati nasibu, na bahati nasibu ni kazi ya serikali za majimbo. Ndiyo maana kila karatasi ya promosheni ina yale maandishi ya kwamba huhitaji kununua kitu. Wauzaji wa simu, chini ya kanuni za FTC, wanatakiwa wakuambie kwamba hulazimiki kununua wala kulipa ili ushinde, na kwamba kununua hakukuongezei nafasi. Kwa barua za posta, Bunge lilipitisha sheria mwaka 1999 inayotaka hayo hayo yaandikwe mahali pa kuonekana, pamoja na uwezekano wa kushinda, thamani ya zawadi, na jina na anwani ya anayeitoa. Ilikuja baada ya miaka ya wazee kujaza nyumba magazeti wasiyoyasoma wakiamini kila wanaponunua wanasogea karibu na mamilioni. Wengine walipanda ndege mpaka Florida kudai fedha ambazo barua ziliwafanya waamini wameshashinda.

Mnadhani sheria ikamaliza? Publishers Clearing House, wale wa kubisha hodi na hundi kubwa ya karatasi ngumu, mwaka 2023 walikubali kutoa dola milioni 18.5 baada ya FTC kuwashtaki kwamba tovuti yao iliwafanya watu waamini lazima wanunue ili waingie, au kwamba wakinunua nafasi inaongezeka. Zawadi zao zilikuwa za kweli na washindi walikuwepo. Tatizo lilikuwa njia ya kufika huko, ukurasa baada ya ukurasa wa bidhaa, mpaka mtu anunue kwa kudhani ni sehemu ya fomu.

Dada wa Leeds aliyeuliza kuhusu saa aliyoshinda akatakiwa kulipia usafirishaji: kwenu na Ulaya nzima ni kali zaidi. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2005 yanakataza kumwambia mteja ameshinda wakati kuipata zawadi kunamtaka atoe fedha. Kesi moja ikatoka Uingereza mpaka Mahakama ya Ulaya, kampuni zikijitetea kwamba gharama ni ndogo mno. Mwaka 2012 mahakama ikasema hata gharama ya stempu haikubaliki. Uingereza ilipojitoa kwenye Umoja ililibakiza katazo hilo. Lakini mimi wanaonifurahisha ni Wajerumani. Sheria yao ya madai, kifungu cha 661a, inasema mfanyabiashara akimtumia mteja barua inayomfanya aamini ameshinda, basi ampe hicho alichosema ameshinda. Umeandika gari, toa gari. Nikipata nafasi ya kutunga sheria Dodoma naanzia hapo. Kwetu Tanzania mlango wa kulalamikia ni Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumpotosha mlaji. Kenya wana Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, ambayo inaitaja hata mikataba ya taimushea na kumpa mteja muda wa kughairi.

Kwa wale ambao siku zao za kughairi zilipita zamani, msomaji wa Dallas na wale ndugu wawili wa Phoenix, njia yenu ni ndefu na sitawapamba. Anzeni kwa kuiandikia kampuni yenyewe kuuliza kama wanaipokea taimushea ikirudishwa. Baadhi wana utaratibu huo, hasa mkopo ukiwa umekwisha lipwa. Kama mliambiwa uongo wakati wa kuuziwa, mtafuteni wakili wa jimbo mlikonunua, na mlalamike kwa mwanasheria mkuu wa jimbo hilo. Msimlipe mtu yeyote anayewapigia kusema ana mnunuzi tayari, tangulizeni ada tu. Majina ya wenye taimushea yanauzwa kama njugu, na wanaoyanunua wengine ni wahalifu hasa: mwaka 2023 Hazina ya Marekani iliwawekea vikwazo watu na kampuni za Puerto Vallarta, Mexico, kwa utapeli wa taimushea unaofungamana na genge la dawa za kulevya la Jalisco. Wateja wao walikuwa wazee wa Kimarekani waliotaka tu kuondokana na wiki zao za ufukweni.

Nirudi kwako, Mama Wawili, tumalizie fedha. Kampuni ikishapokea taarifa yenu ina siku 20 kurudisha kianzio. Kwa kuwa mlilipa kwa kadi, angalia taarifa ya kadi hiyo kila wiki mpaka uone dola 1,940 zimerudi. Kama benki imeshaanza kudai, wajulishe kwa maandishi kwamba mkataba umeghairiwa na uambatanishe nakala ya barua na risiti ya posta. Haki ya kupinga deni la kadi ina siku 60 tangu taarifa ya kwanza yenye deni hilo itumwe, usizipoteze kwa kusubiri ahadi. Kadi isifungwe kabla fedha hazijaingia. Zikiingia, ifungeni, na muulize kwa maandishi kama ule mkopo wa miaka 10 umefutwa kwenye vitabu vyao.

Wakichelewa, malalamiko yanakwenda kwa idara ya Florida inayosimamia leseni za biashara, DBPR, ambayo ina kitengo cha taimushea, na nakala FTC kupitia ReportFraud.ftc.gov. Nitakusaidia kuyaandika. Siku ya 20 ikipita kimya nitafute, na uje na ile risiti ya posta.

Anti